Redio Kwanza, Gazeti Baadaye

Bârlad, Romania, 14 Januari 2005

Mpendwa Zamfira,

"Kiromania na Kihispania ni ndugu wa damu, sikio litazoea lenyewe." Umeandika hivyo kana kwamba ni Injili! Salamu kwanza: hujambo? Sisi wazima, ila mguu wa mama unamsumbua. Sasa tugombane. Sikio halizoei lenyewe. Nimeishi miaka ishirini kando ya reli na bado sijui treni inasema nini. Nani kakudanganya?

Kaka yako,
Leontin

Jaén, Uhispania, 2 Februari 2005

Shikamoo kaka,

Mpe mama pole ya mguu. Walionidanganya ni Petronela na Tasia, Waromania wenzetu wanaotunza wazee hapa kama mimi. Umeshinda, furahi. Juzi Bibi Remedios, ninayemtunza, alilala na mafua. Akaniambia, "Caldo." Kwetu *cald* ni joto, basi nikamfungulia dirisha. Akarudia kwa hasira. Nikafungua la pili. Kumbe anataka supu! Mwanawe Anselmo akamkuta anatetemeka. Amenipa mpaka Pasaka yao: nisipomwelewa mama yake, nifungashe. Nikirudi, binti yangu Ilinca ataacha chuo kwa kukosa karo. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Zamfira

Bârlad, 15 Februari 2005

Zamfira,

Mama anatembea. Ilinca haachi chuo. Asubuhi sikiliza habari redioni, kamusi iache kabatini. Kisha zisome habari zilezile gazetini, kwa sauti. Mchana zisikilize tena. Undugu wa lugha ndio mtego wenyewe: neno geni hukufanya uulize, neno unalodhani unalijua hukufanya ufungue dirisha. Petronela akicheka, mwache acheke.

Kaka yako,
Leontin

Jaén, 22 Machi 2005

Shikamoo kaka,

Habari za nyumbani? Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa nasoma. Mwanzoni redio ilikuwa kama maji yanayomwagika. Niliokota jina la mji, basi. Nikishika gazeti, yale maji yanagawanyika kuwa maneno. Bibi Remedios haoni vizuri, akaanza kunidai nimsomee. "Usitafune herufi, binti, hazina chumvi!" Na yeye mwenyewe humeza nusu ya kila neno, kama watu wote wa huku! Nikamzoea hivyo: redio ikinipa neno zima, yeye akinipa lililomezwa.

Jumapili Anselmo alikuja kula. Nikiwa napakua, akamwambia mkewe mbiombio, "Pasaka ikipita namleta mwingine, huyu haelewi kitu." Nikasema, "Mlete, bwana Anselmo, ila afike mapema. Mama hutaka gazeti kabla ya kahawa." Kijiko kikamponyoka. Bibi akacheka mpaka akakohoa: "Kula, mwanangu, maana mdomo wako umeshafanya kazi ya kutosha!"

Ninabaki.

Mdogo wako,
Zamfira

Bârlad, 4 Aprili 2005

Zamfira, dada yangu,

Sisi wazima, na mama ameisimulia barua yako mtaa mzima. Nimesoma vitabu katika lugha nne, na sijawahi kumjibu mtu mezani kwa hata moja. Wewe umefanya hivyo mikono imeshika sufuria. Nakuvulia kofia.

Lakini najua barua zangu unazisoma Jumapili jikoni mbele ya wenzako, kwa hiyo soma hapa kwa sauti. Petronela! Tasia! Miaka sita mko Uhispania, na bado mnatikisa kichwa "ndiyo, ndiyo" kwa msichokielewa. Acheni kumcheka huyu. Zimeni hiyo televisheni ya Kiromania sasa hivi. Petronela, washa redio. Tasia, chukua gazeti, anza ukurasa wa kwanza, na usinong'one.

Kaka yenu,
Leontin