Mtoto Asiye na Usumbufu

Nyumba ya tatu,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
14 Juni

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba goti lako limepunguza kukutesa kwenye zile ngazi za kazini. Sisi tupo. Nikisema wazima nitakuwa nakudanganya, na wewe uliyenilea unaujua uongo wangu hata kwa mwandiko.

Barua yako niliipata wiki mbili zilizopita. Umeniomba nikuletee mtoto, kwa kuwa kwako kuna nafasi, hewa safi na chakula. Nimechelewa kujibu kwa sababu jibu lenyewe ni zito. Niache kwanza nikueleze mambo ambayo kwenye simu nilikuwa nayaruka.

Mwaka jana binti yangu, Mama, alilazwa kwa nimonia. Bado namwita hivyo, maana amerithi jina la marehemu mama yetu. Alikuwa hajatimiza miaka mitatu, akakaa wodini wiki tano. Mke wangu alilala naye siku nne tu, kisha msimamizi wake pale anapofulia mashuka ya nyumba ya wageni akamtumia ujumbe kwamba nafasi yake wapo wanaoitaka. Akarudi kazini. Mimi nilikuwa na magodoro ya watu ya kushona. Tukawa tunamwona mtoto saa moja kwa siku, kama wageni wengine.

Siku za kwanza alilia mpaka sauti ikakauka. Baadaye akaacha. Tukamshukuru Mungu kwamba amezoea.

Aliporudi nyumbani alikuwa mtoto mwingine. Chumba chetu unakijua: upande mmoja kitanda, upande mwingine pamba yangu, na ukuta wa nyuma una unyevu mwaka mzima. Kifua hakikupona sawasawa. Tulikuwa tunamwacha kwa jirani muuza mkaa, anayeangalia watoto saba kwenye mkeka mmoja. Jioni nikimfuata ananitazama tu, ananipa mkono, twende. Akianguka hasemi. Akiwa na njaa haombi, ila asubuhi tukitandika tunakuta vipande vya mkate chini ya mto, vikavu kama mbao. Siku moja fundi bomba tusiyemjua alimnyooshea mkono kwa utani. Akaondoka naye hadi mwisho wa mtaa bila kugeuka nyuma.

Nami, Dada, nilikuwa najisifu. "Binti yangu hana usumbufu," nawaambia wateja.

Mwezi wa pili mwaka huu nilimpeleka kliniki. Muuguzi, mama mmoja mnene mwenye maneno makavu, alimdunga sindano. Mama hakukunja hata uso. Yule muuguzi akaniambia nitoke nje kidogo, kisha nirudi. Nikatoka, nikarudi. Mtoto anatazama ukuta tu.

"Nyumbani analia?" akaniuliza.

"Halii. Ana adabu sana."

"Baba, hii siyo adabu. Huyu aliita, hakuna aliyekuja, akaacha kuita."

Nilijiona kama nimevuliwa nguo mbele za watu. Nikataka kumwambia kwamba hatukumtupa, tulikuwa tunamtafutia chakula. Akaniwahi: "Najua. Sikulaumu. Lakini yeye hajui kazi ni nini. Anajua nani alikuja na nani hakuja." Akanishauri nimpe mtoto muda wake kila siku, saa ileile, hata kama ni robo saa, na asirushwe leo kwa huyu kesho kwa yule.

Basi nikaacha kumpeleka kwa jirani, nikahamishia pamba barazani, chini ya turubai. Saa sita naweka sindano chini, nanawa, nampakata. Anahesabu vifungo vya shati langu, anakosea, anaanza upya. Wateja wengine wamenihama kwa kuwa nachelewesha kazi. Mke wangu akirudi, miguu imemvimba, anamkumbatia kwanza kabla hajawasha jiko.

Miezi mitatu hatukuona kitu. Halafu mwezi uliopita, mke wangu alimpunguzia uji ampe mtoto wa jirani. Mama akapiga teke sufuria, uji wote chini. Ndio tuliokuwa nao. Niliinua mkono, Dada, sikufichi. Akajikunyata bila sauti, na mkono wangu ukabaki hewani. Mke wangu akashika mdomo, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Amekasirika! Mtoto wetu amekasirika! Tulilala na njaa siku ile, wote watatu, na sijawahi kufurahia njaa namna ile.

Lakini Jumatatu kifua kilirudi, yuko wodini tena. Safari hii mke wangu amekataa kutoka pale, na kazi imeshakwenda. Daktari hajatuahidi lolote. Jana wageni walipotolewa, Mama aling'ang'ania shati langu. "Baba, usiende!" Nikaubandua mkono wake, kidole kimoja kimoja. Nilimsikia hadi getini. Nilisimama pale, askari ananitazama, mimi siwezi kuondoka wala kurudi.

Ndiyo maana siwezi kukuletea, Dada. Najua kwako atashiba, na hapa sijui kesho tutakula nini. Huenda nakosea. Ila ndiyo kwanza ameanza kutujua kwamba sisi ni wake. Nikimtoa sasa naogopa hataita tena. Ukipata likizo, njoo wewe. Ukae naye, akuzoee taratibu.

Msalimie sana shemeji na wale mapacha wako watundu. Wifi yako anakusalimu kutoka kitandani kwa mtoto, na jirani muuza mkaa naye hakusahau. Mungu akulinde huko uliko, akutunzie pumzi na nguvu.

Naishia hapa. Saa ya kuona wagonjwa inakaribia, na nimemwahidi Mama kwamba mlango ukifunguliwa, wa kwanza kuingia nitakuwa mimi.

Wako akupendaye,
Mdogo wako, fundi magodoro