Asali Haina Mafuta

Tabora, 4 Machi 2024

Kwa binti yangu Mwanamkuu,

Salamu nyingi zikufikie huko Tura, wewe na wanafunzi wako. Mimi sijambo, isipokuwa hili ninalokuandikia. Simu ni ya kuulizana bei ya asali; mambo ya mwilini huandikwa. Barua nimempa Eustace, mhudumu wa treni, akuletee mkononi.

Nilikwenda kupimwa ule uchovu wangu. Daktari kanipaka kitu cha baridi tumboni, katazama kwenye kioo chake, kasema ini lina mafuta na limeanza kukakamaa. Hata damu ina mafuta. Kanipangia siku ya kuonana na mtu wa lishe. Sirudi. Tangu mama yako Mwanahawa afariki sina wa kunisindikiza, na mimi Majidi, ambaye pombe siijui hata harufu, nikaonekane kwenye foleni ya ini? Mji huu unajua ini ni ugonjwa wa walevi.

Dawa yake naijua. Mafuta huletwa na mafuta. Samli nimempa jirani yetu Doto, nyama na karanga nimeziacha. Usimwambie mtu.

Baba yako


Tura, 12 Machi 2024

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila matope ya mvua yametuchosha. Barua yako nimeisoma mara mbili.

Kuacha samli umefanya vyema. Marehemu mama alikuwa akikutania kwamba pilau lako linaogelea. Lakini nenda kwa huyo mtu wa lishe, Baba. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nisamehe kwa kukutajia methali hiyo, nimekosa nyingine. Nije?

Bintiyo


Tabora, 3 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba. Hali yako? Usije, wewe simamia watoto wako wa darasa la saba. Habari zangu zitakufurahisha. Tangu tuandikiane, tone la mafuta halijapita kinywani mwangu. Asubuhi ni matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha anavyotuletea shangazi yako wa Puge, na kikombe cha asali. Mchana ugali wa kushiba na mlenda wa chumvi. Usiku wali mweupe, kisha matobolwa tena, nayachovya kwenye asali. Nikipata kizunguzungu, nalamba asali. Asali haina mafuta, na Kitabu chenyewe kinasema ndani yake mna tiba kwa watu.

Mikono imekonda na watu wananisifu. Tumbo tu ndilo limekataa, limejaa na kukaza, na jioni viatu havinienei. Mchana usingizi unaniangusha dukani juu ya madebe. Nadhani ni mafuta yanatoka.

Baba yako


Tura, 8 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Sikuulizi hali, maana umeshanieleza na nimeogopa.

Nimemuuliza daktari aliyekuja kwenye zahanati yetu. Anasema si lazima mafuta yaingie mdomoni. Ini likiletewa wanga na sukari kupita mahitaji ya mwili, linayapika mafuta lenyewe, mengine linabaki nayo, mengine linayamwaga kwenye damu. Ule ugali, wali, matobolwa na asali yako, Baba, vyote ni kuni za jiko hilo. Samli iache huko iliko, lakini karanga ulizozifukuza hazikuwa na kosa. Rudisha kidogo, ule na maharage, dagaa na mboga. Maneno ya Mola siyakatai. Ila dawa ina kipimo, na wewe muuza asali unalijua hilo kuliko mimi.

Tena kasema tumbo kukaza, miguu kuvimba na usingizi wa mchana si mafuta yanayotoka. Ni ini linashindwa. Nenda hospitali leo. Nikipiga simu unasema "mzima" na kukata.

Bintiyo


Tura, 19 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Treni zinapita na Eustace ananionyesha mikono mitupu. Doto anasema duka unafungua, ila wateja unawarudishia chenji ambayo si yao. Wewe, ambaye hujawahi kukosea hesabu! Nijibu hata mstari mmoja.

Bintiyo


Tabora, Jumatatu

Kwa mke wangu Mwanahawa,

Salamu nyingi zikufikie. Mimi sijambo. Salamu nyingi zikufikie. Mtoto kaandika kutoka Tura, ananifokea kwa sababu ya asali. Amekuwa mkali kama wewe. Asali nimeacha, lakini usingizi haujaacha. Mikono inatetemeka, ndiyo maana mwandiko huu.

Usimwambie kwamba naogopa. Mwambie hospitali nitakwenda, ila uje unisindikize. Peke yangu naona aibu.

Salamu nyingi zikufikie.

Mumeo


Ndani ya treni, 5 Septemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Barua uliyomwandikia mama, Eustace kaniletea mimi. Nilipaswa kuja bila kukuuliza tangu Machi, nami nikaridhika na kukatazwa. Darasa la saba nimemwachia mwalimu mwenzangu.

Doto kapiga simu. Anasema tangu alfajiri unafumbua macho lakini hujibu, na kwamba macho yenyewe yamekuwa ya manjano. Amekwenda kutafuta bajaji ya kukupeleka hospitali. Nimemwomba akusubirishe kidogo, kisha nikampigia tena kumwambia asisubiri chochote, aende.

Hii simpi Eustace. Nakuletea mwenyewe, popote watakapokuwa wamekulaza, na kwenye foleni ya ini nitasimama mimi, watu waseme watakavyo. Ukiwa umelala nitakusomea. Usijisumbue na majibu marefu. Nikisema shikamoo, Baba, niitikie.

Bintiyo