Kopo la Udongo Kutoka Shambani kwa Mama

Kariakoo, Dar es Salaam

Kaka Mathayo,

Shikamoo. Mimi mzima, ila vumbi la udongo ninaochekecha kutwa limenikaa kifuani. Mama hajambo? Mguu wake umepona? Niambie kweli, usinifiche kama ulivyonificha homa yake mwaka jana.

Kopo la udongo wa shamba lake lilifika kazini kwetu Upanga, tunakopima udongo, pamoja na barua yako iliyosema kwamba mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyeuchimba na kuufunga. Nilielewa mara moja: tukijibu kwamba udongo umekufa, Mama atahamishiwa kijiji kipya kule barabarani, mbali na kisima na kaburi la Baba.

Mtaalamu wetu, Bwana Elia, aliulowesha, akaufungia ndani ya chupa pamoja na kikombe cha maji ya chokaa. Anasema udongoni mna vijidudu visivyoonekana, navyo hupumua; vikipumua sana, maji ya chokaa hugeuka meupe. Siku mbili zikapita, maji yako vilevile. Nikamwona kama mtu aliyekwisha kula cha mtu.

"Mzee, hapa si mmeshapatana na mwenyekiti?"

"Wewe bwana una maneno! Hawajafa hawa vijidudu, wana njaa. Nchi kavu vile, ukiwapa maji matupu watakula nini? Lete samadi."

Samadi ya pale kazini sikuitaka, maana sikumwamini. Nikaiokota mwenyewe huku Kariakoo, penye mbuzi wa kuuzwa. Tukaufunga udongo ule katika chupa tatu, kila moja na kikombe chake cha maji ya chokaa: ya maji tu, ya maji na mbolea ya dukani, ya maji na samadi. Vizibo nikavitia alama zangu za siri. Keshokutwa yake ile ya samadi ilikuwa nyeupe kama maziwa. Ya mbolea ilizidi ya maji kidogo tu. Nilifurahi mpaka nikamwomba radhi.

Halafu nikaanza kuwaza. Mbuzi wa Baba walilala shambani mle miaka yote, chini ya migunga. Mbona koponi hamkuwa na punje moja ya samadi wala jani la mgunga? Udongo ulikuwa mtupu kama wa njia ya kisimani. Nikamlaani mwenyekiti siku nzima.

Jioni nikaiokota kamba iliyofungia kopo. Fundo lilikuwa bado lipo. Kaka, ni fundo la kufungia ndama, lile la kuzungusha mara mbili na kuacha sikio, alilotufundisha Baba mimi na wewe tu. Na Shangazi aliniandikia kwamba umeahidiwa kuwa mwuzaji katika duka la kijiji huko barabarani. Nimeumia sana.

Bwana Elia amekubali kupima upya kabla ya kujibu. Mama achimbe mwenyewe, chini ya mgunga, na kopo alifunge yeye.

Nisalimie shemeji na watoto, na Shangazi aliyetulea. Najua Mama hasomi, wewe ndiye unayemsomea. Msomee hii yote. Shangazi naye nimemtumia nyingine, neno kwa neno.

Ni mimi mdogo wako,
Yohana