Saini Yangu na Shamba la Baba Mdogo

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Naomba barua hii ikukute umeamka salama, na mgongo umekuachia uende zizini bila fimbo. Mama naye, Mungu amjalie presha yake itulie. Mimi ni mzima. Nimechoka, lakini ni mzima, na huku uchovu hauhesabiwi kuwa ugonjwa.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Baba, kwenye simu siwezi. Nikianza kusema, utaniambia, "Basili, nyamaza kwanza," na mimi nitanyamaza kama nilivyozoea tangu utoto. Kwa hiyo nimeandika. Nakuomba uisome mwenyewe, taratibu, na miwani yako, usimpe mtu akusomee. Na ukikasirika katikati, pumzika, kisha uendelee hadi mwisho.

Bado nipo kwenye ile nyumba ya kutunzia wazee. Tumepungua, wafanyakazi wawili wameacha na hawajapatikana wengine. Nawainua wazee kitandani, nawaogesha, nawavika soksi, nawalisha uji, kisha naanza upya upande wa pili wa jengo. Kuna siku naenda kunywa chai na kikombe nakishika kwa mikono miwili kwa sababu ya kunyanyua watu wazima. Miguu inavimba hadi viatu vinakataa kutoka. Juzi mwenzangu mmoja, Mfilipino, aliniuliza kwetu kukoje. Nikaanza kumweleza Maretadu wakati maharage yametoa maua, kengele ikalia chumba namba nne, tukakimbia. Sikumalizia, na yeye hakuuliza tena.

Katika wazee wangu yuko bibi mmoja anaitwa Doroti, ana miaka tisini na moja. Alikuwa mwalimu wa historia. Macho yamekwisha lakini akili ni kali kama wembe. Kila siku baada ya chai namsomea fumbo la maneno la Kiingereza kwenye gazeti. Wanakupa maelezo mafupi na visanduku vitupu, wewe utafute neno linaloingia humo. Bibi anataja neno, mimi naandika. Ndiyo starehe yake iliyobaki, na kwangu ni robo saa ya kukaa chini.

Alhamisi moja nikasoma: kudhulumu kwa hila, herufi tano. Nikafurahi, hilo nilikuwa nalijua tangu sekondari. Ni "cheat". Hata vijana wa huko nyumbani siku hizi utawasikia wanasema fulani kamchiti mchumba wake. Nikaliandika.

"Unajua limetoka wapi?" bibi akaniuliza.

"Kwenye mitihani," nikasema.

Akacheka mpaka akakohoa, nikampa maji. "Limetoka shambani," akasema.

Akanieleza kwamba zamani kwao ardhi yote ilikuwa ya mfalme na wakubwa wake. Mtu akifa bila mrithi, shamba lake lilirudi kwa mkubwa. Kurudi huko kulikuwa na jina lake, "escheat", neno walilolipata kwa Wafaransa, na maana yake ni kuangukia. Shamba linamwangukia mkubwa. Mfalme akaweka maofisa wa kupita vijijini kuandika nani amekufa na kama ameacha mtu. Mwanzoni ilikuwa kazi halali. Lakini maofisa wakaona kuna faida, wakaanza kuandika kwamba fulani hakuacha mtu, kumbe watoto wapo, wamesimama mlangoni wanawatazama wakiandika. Watu wakawachukia hata jina la kazi yao likageuka tusi. Wakalikata mwanzo, ikabaki "cheat". Likaenda kwa wezi, kwa wacheza karata, kwa wanafunzi, na mwisho kwa wake na waume.

"Wanalitumia hata kwa kifo," bibi akasema. "Daktari wangu anasema mimi nakichiti kifo, yaani nakikwepa kila kinaponijia. Hapo ndipo mahali pekee ambapo neno hilo ni sifa."

Nikamuuliza, sijui kwa nini, "Na hao maofisa wote walikuwa wezi?"

"Hapana. Wengi walikuwa watu wa kawaida. Waliletewa karatasi, wakatia saini, wakaenda kula."

Baba, kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Unaikumbuka karatasi yetu. Alipozikwa baba mdogo Danieli, ukoo ulikaa, na wewe ukanitumia muhtasari wa kikao kwa simu. Wazee walikuwa wameshatia saini, imebaki nafasi yangu. Ulisema marehemu hakuacha mrithi, na shamba lake la chini, lile la kando ya kijito, lirudi kwa kaka yake, yaani wewe. Nilikupigia. Nikasema, "Baba, na akina Yasinta, mabinti zake?" Ukanijibu, "Hao wameolewa, wana kwao. Shamba nakuwekea wewe, usinifanye mtoto." Nikasema ndiyo baba. Nikaenda maktaba, nikaichapisha, nikatia saini kwenye meza ya kazini katikati ya vikombe, nikaipiga picha, nikaituma. Maji niliyotenga kwa ajili ya chai yalikuwa bado hayajachemka.

Mimi sikudanganywa. Nataka hapo unielewe. Yasinta na Elizabeti nimechunga nao ndama. Mwaka ule mama alipolazwa muda mrefu, nilihamia kwa baba mdogo, na mama mdogo Marselina ndiye aliyenipa maziwa asubuhi na kunikagua masikio kabla sijaenda shule. Nilijua majina yao, nilijua vitanda walivyolalia. Nikatia saini kwamba hawapo.

"Mbona husomi linalofuata?" bibi akauliza. Nikamweleza yote. Nilidhani atanihubiria, kwa sababu walimu ndivyo walivyo. Akauliza kitu kimoja tu: "Huyo mjane yuko wapi sasa?"

Sikujua, baba. Miaka miwili ilikuwa imepita na sikuwa nimeuliza.

Siku yangu ya mapumziko nikatafuta namba ya Yasinta, nikaipata kwa watu wa kwaya. Nikapiga. Nikasema ni Basili.

"Basili gani?" akasema, na alijua.

"Kaka yako."

Akaniambia mama yake yupo naye Masakta, amempatia chumba uani kwa mume wake. Nikaomba msamaha kwa haraka haraka, maneno mengi. Akanikatiza.

"Kaka, wazee tulijua watasaini. Hilo halikutuumiza sana. Lakini mama alikuwa anasema kila siku, Basili hatasaini, huyo nimemlea. Baba mkubwa alipoleta karatasi, mama hakusoma kilichoandikwa. Alitafuta jina lako. Alipoliona hakubishana tena na mtu. Akafunga vyombo."

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kituo, mvua nyembamba inanyesha. Watu wanapita na miavuli yao. Nikamwomba nizungumze na mama mdogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Baridi ya huko imepungua?"

Akaniuliza kama nakula vizuri, kama nimepata watu wa kusali nao. Akanieleza kwamba amekodi kipande, udongo wa Masakta hajauzoea, mahindi ya msimu huu yameungua na jua. Alisema kama mtu anayesimulia habari za jirani. Kisha nikasema, "Mama, nilikosa. Nilijua, na nikasaini."

Akasema, "Nimesikia."

"Nifanye nini, mama?"

"Mimi mambo ya karatasi siyajui, Basili. Wewe ndiye uliyesoma."

Basi nimefanya hivi, na ndiyo sababu ya barua hii. Nilikwenda kwa wakili wa huku anayeshuhudia viapo. Nikaapa kwamba saini yangu kwenye ule muhtasari nilitia kwa jambo ambalo nilijua si kweli, kwamba marehemu Danieli ameacha mjane na mabinti wawili, na kwamba naiondoa saini hiyo. Nikamtumia Yasinta. Ameipeleka mahakama ya mwanzo, wameipokea na kuigonga muhuri. Wewe kama msimamizi wa mirathi utaitwa. Nilitaka usikie kwangu kabla karatasi ya wito haijafika nyumbani.

Najua unavyojisikia sasa hivi. Najua uliuza maksai wawili niende sekondari, ukalima kwa jembe la mkono misimu miwili, na watu wakakucheka. Hilo silisahau hata nikiwa nimelala. Najua pia unaogopa ardhi aliyoipima babu kwa hatua zake iishie kwa wakwe. Hofu hiyo siidharau, ungeweza kuisema kikaoni mbele ya mama mdogo, na yeye akajibu. Lakini hofu hatukuiandika. Tuliandika kwamba watoto hawapo.

Neno lile la bibi sitakuita wewe. Wewe ni baba yangu. Nimejiita mwenyewe, na kujiita hakujaniua.

Shamba la chini sitalipokea. Kama umeshapanda mikalitusi ya mpaka kwa ajili yangu, naomba uing'oe ingali midogo. Nitajenga kule juu kwenye mawe, ulikowaachia mbuzi. Panatosha. Upepo ni mwingi, lakini mimi sasa nimezoea upepo.

Na kuna njia nyingine, baba, ambayo haihitaji kuitwa na mtu. Unaweza kwenda Masakta mwenyewe. Ni safari ya siku moja. Nilimuuliza Yasinta, "Baba mkubwa akifika kwako, utafanyaje?" Akafikiri, akasema, "Atakaa kwenye kiti, atakunywa chai, kisha aseme kilichomleta." Zaidi ya hapo hakuahidi, nami sikumbembeleza. Ukienda, na ukarudi na mama mdogo, kesi itabaki ya kwenda kufunga tu. Usipokwenda, itasikilizwa, na mimi kiapo changu sitakibadilisha. Sisemi hivi kwa kiburi. Nasema nikiwa nimechoka sana, na nimegundua kwamba sehemu kubwa ya uchovu huu haikutoka kwenye kunyanyua wazee.

Bibi Doroti bado ananiuliza habari zenu kila nikimpelekea chai. Jana aliuliza, "Baba yako amejibu?" Nikamwambia bado sijaandika. Akasema kama sijaandika, basi fumbo nisimsomee mpaka niandike. Ndiyo maana leo nimeandika.

Naomba unisalimie mama, umwambie dawa asiache hata akijiona ana nafuu. Umsalimie dada Theresia, mkubwa wangu, na shemeji, na mtoto wao mpya ambaye bado sijamwona hata kwa picha. Umsalimie mjomba wa cherehani, suruali aliyonishonea naivaa kanisani mpaka leo. Umsalimie katekista aliyenifundisha kusoma, na jirani yetu anayekusaidia kukamua ng'ombe mgongo ukikubana. Wazee waliotia saini nao uwasalimie. Uwaambie simkasirikii hata mmoja, lakini nafasi yangu kati yao iko wazi.

Salamu za mama mdogo Marselina sikupi uzipeleke. Nampigia mwenyewe kila Jumapili baada ya misa, namwamkia, na ananiitikia.

Ni mimi mwanao, ninayekuheshimu,

Basili