Fundo la Bibi Ragnhild

Jumatatu, 9 Juni 1952

Nimechana ukurasa. Sijamwambia mtu. Hata Mungu sijamwambia vizuri.

Ni wa kitabu cha Mzee Torstein, baba yake Bibi. Kitabu cha hali ya hewa: kila siku mstari mmoja au miwili, miaka thelathini na nne — upepo, theluji, ng'ombe gani kazaa. Kimekaa kwenye sanduku la buluu pamoja na barua za ndugu waliobaki Norway tangu kabla Baba hajazaliwa. Sasa Bi. Lofthus wa makumbusho ya kaunti anavitaka vyote. Anakuja Jumapili saa tisa. Mimi nimepewa kazi ya kupanga barua kwa miaka. Shule imekwisha, sina la kusingizia.

Mwandiko ule wa kizamani nausoma mimi tu humu ndani. Baba anaongea Kinorwe lakini hawezi kukisoma. Bibi ndiye aliyenifundisha, kabla mtoto wa jicho hajamfunika macho yote mawili.

Mama alikuwa kwa kuku. Nikasoma, nikachana kabla sijafikiri. Sauti ya ile karatasi! Kama mtu kavuta pumzi nyuma yangu.

Uko ndani ya soksi yangu. Unachosema siandiki leo.

Jumanne, 10 Juni

Naandika.

Kisa chenyewe kila mtu hapa anakijua. Machi 1892. Bibi ana miaka tisa, mdogo wake Signe ana sita. (Ndiyo, Signe. Bibi ndiye aliyeomba nipewe jina hilo.) Majira ya baridi tunafunga kamba kutoka nguzo ya kibaraza mpaka mlango wa banda la ng'ombe, ili theluji ikikuziba macho uishike ufike. Mwaka ule upande wa nyumba alifunga Bibi. Kazi yake ya kwanza ya kikubwa. Mchana tufani ikaja. Signe akachomoka kwenda kuona kama ndama amezaliwa. Walimpata siku ya tatu, kwenye uzio wa kusini. Kamba ilikuwa imefungwa bandani, upande wa nyumba umelala kwenye theluji. Fundo lilifunguka. Ndivyo wanavyosema wote, tena kwa upole, miaka sitini.

Ukurasa unasema hivi:

"Machi 9. Asubuhi shwari, baridi kali. Ndama amekaa vibaya tumboni. Nilifungua kamba upande wa nyumba, nikaivutia bandani nimtoe. Ndama mzima. Ncha niliitupa nje. Kamba sikuirudisha. Upepo uligeuka saa saba."

Chini yake neno moja: "Signe."

Halafu siku kumi na moja hakuna hali ya hewa.

Alijua! Aliandika, akafunga kitabu, akamwacha mtoto wa miaka tisa abebe lawama.

Jumatano, 11 Juni

Mvua. Nimepanga barua za 1901 mpaka 1904. Nilipopita karibu na kiti cha Bibi alishika mkanda wa aproni yangu, akauvuta mara mbili kama afanyavyo kwa kila fundo analoligusa.

"Umekaza, Signe?"

"Nimekaza, Bibi."

Sijui huwa anamwuliza Signe yupi.

Alhamisi, 12 Juni

Nilijua itafika. Baada ya chakula cha mchana: "Nisomee mwaka wa tisini na mbili."

Nikasoma Januari. Nikasoma Februari, polepole sana. "Unasoma kama mchungaji anayeumwa jino," akasema. Nikafika Machi nane. Nikasoma ishirini na moja.

"Umeruka."

"Panya, Bibi. Wamekula."

Uso wote ulinichoma. Yeye akatikisa kichwa. "Panya wa nyumba hii wamesoma shule. Wamechagua ukurasa."

Nilidhani ataendelea kuuliza. Badala yake akaanza kumsifu baba yake. Yule ndama wa siku ile, anasema, alipokua hakushika mimba hata mara moja. "Mtu mwingine angemchinja. Baba alimlisha miaka kumi na saba, mpaka akafa mwenyewe. Akimpita alikuwa anavua kofia. Ng'ombe! Majirani walimcheka. Alikuwa na huruma, baba yangu. Na mimi hakunigombeza hata siku moja. Hata siku moja, unasikia?"

Nilisikia. Picha yake iko juu ya kinanda. Sikuweza kuitazama.

Nikimpa ukurasa namtua mzigo. Na kwa mkono huohuo namnyang'anya baba.

Jumamosi, 14 Juni

Tumepakia nyasi kavu tangu asubuhi. Bibi alitoka na fimbo yake, akapapasa gari mpaka akazipata kamba. Akavuta moja, akavuta ya pili. Baba akamwambia, "Mama, hizo nyasi hazina mpango wa kutoroka. Zimeniahidi." Bibi akamjibu, "Na wewe uliniahidi utakuwa mrefu." Wote wakacheka. Mimi nilitazama vidole vyake.

Kisha simu. Laini yetu moja inatumiwa na nyumba sita, nilisikia wengine wakiinua simu zao kusikiliza. Bi. Lofthus ana furaha: yupo profesa atakayetafsiri kitabu chote. Kitawekwa kwenye kabati la kioo, na kitafunguliwa hapo hapo, Machi 1892, maana kila ukoo wa hapa ulizika mtu mwezi ule.

"Huo ukurasa upo, mwanangu?"

Nikasema, "Nitaangalia." Nyumba sita zilinisikia nikisema hivyo.

Mama aliniuliza mbona nimepauka. Nikasema jua.

Jumapili, 15 Juni

Saa tisa na dakika kumi. Naandikia chumbani kwa Bibi, daftari juu ya goti. Nitaandika haraka.

Tumetoka kanisani, Mama akakoka jiko la kuni kwa ajili ya kahawa na mikate ya viazi. Nikaja kufunga sanduku. Bibi alikuwa kitandani, amekaa wima, bado amevaa kofia ya kanisani.

Akasema, "Signe, panya huanza kula pembeni. Nimeshika kile kitabu usiku na mchana wa maisha yangu, ila Machi ile sikuthubutu kuisoma. Ukurasa uliochanwa naujua kwa kidole. Nisomee."

Nikavua kiatu. Nikavua soksi. Aibu! Karatasi ilikuwa na joto la mguu wangu.

Nikasoma. Nilipofika "kamba sikuirudisha" sauti ilikatika, ikabidi nianze tena. Nikasoma na lile neno moja.

Hakulia. Midomo ilikuwa inatembea, na mikono ikafunga kitu hewani — juu, kuzunguka, chini, vuta. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama ya mtoto aliyerudishiwa kitu chake, "Nilikaza."

"Ulikaza, Bibi."

"Na baba yangu alinitazama nikikua, akijua."

Gari likaingia uani. Nikasikia Baba akimtania Bi. Lofthus kuhusu kofia yake. Bibi akanyoosha mkono, nikampa ukurasa. Akaniambia nifunge sanduku. Nikafunga kwa kamba, fundo la mara mbili, nikalisogeza mpaka chini ya kiganja chake kama kawaida.

Hakulivuta.

Amesimama. Ameiacha fimbo kitandani. Ameenda jikoni akishika ukuta, karatasi mkononi. Huko yupo Bi. Lofthus, na jiko linawaka.

Namsikia Bi. Lofthus: "Mama Ragnhild! Kitabu kimekamilika?"

Sijasikia jibu. Sijasikia kifuniko cha jiko.

Wewe daftari, umeona yote. Lolote atakaloamua huko jikoni, kuutoa au kuuchoma, ni lake, si letu. Tafadhali, usimwambie mtu kwamba niliuchana mimi.