Dawa ya Nukta

Chumba cha mbele,
Nyumba ya nyuma ya gereji,
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa dada,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kifua kinachokusumbua kila baridi ikiingia kimekupa nafasi. Sisi huku tunapumua. Wifi yako hajambo, ameshatoka kwenda kwenye tanuri lake la mikate. Nukta wetu naye hajambo, na habari zake ndizo zilizonifanya nishike kalamu badala ya simu. Kwenye simu ningeanza kukutania, na hili si la utani.

Mguu kwanza, maana najua utauliza. Ni karibu miezi mitano tangu nianguke kwenye ngazi nikipaka rangi dari ya shule. Plasta ilitolewa, magongo nimeyazoea, lakini mfupa wa muundi ulikataa kuunga. Mwezi uliopita daktari aliinua picha dirishani, akaonyesha ufa ule ule, akatikisa kichwa.

Siku hiyo nilikuwa na Nukta. Unamjua mpwa wako, miaka kumi na moja na watu bado wanamuuliza darasa la kwanza analionaje. Akamuuliza daktari kama ile dawa ya kurefuka anayojidunga kila jioni, ile unayomtumia, haiwezi kumsaidia baba. Daktari akafurahia swali. Akamweleza kwamba dawa hiyo ni homoni ya ukuaji, kila mtu anayo mwilini, na hutoka kwa wingi tukiwa usingizini. Kwa mtoto hurefusha mifupa, na kwa aliyevunjika huamsha chembe zinazojenga mfupa mpya. Kisha akasema kumdunga mtu kwa ajili ya mguu ni jambo ambalo bado linachunguzwa. Kuna waliopona upesi kidogo, kuna ambao haikuwasaidia kitu, kwa hiyo yeye hamwandikii mgonjwa. Nukta alibeba nusu ya kwanza, ya pili akaiacha hospitali.

Wiki tatu baadaye, mchana, wifi yako yuko kazini, mtoto akavuta kiti kando ya kitanda changu. Mkono mmoja pamba yenye spiriti, mwingine ile kalamu yake ya sindano. Tangu ajifunze kujidunga mwenyewe, sisi tulikuwa tukisikia mlango wa friji ukifunguka na kufungwa, tunaridhika. Kumbe alikuwa hajidungi, anaweka akiba. Vichupa vilikuwa nyuma ya kopo la siagi.

"Pandisha shati, baba," aliniambia. "Usikaze tumbo. Ukikaza ndiyo inauma."

Hayo ni maneno yangu, dada. Nimemwambia hivyo jioni ngapi, sijui. Nikamuuliza kama yeye hataki tena kurefuka.

"Mimi hata nikibaki hivi nafika kwenye swichi ya taa," akasema. "Wewe hufiki hata mlangoni."

Nitakuambia jambo ambalo hata wifi yako halijui. Nilipandisha shati. Nimechoka kulala, dada, nilitaka ile dawa. Ndipo nikautazama mkono wake ukizungusha kipimo, mkono mdogo hata kalamu inaujaza, nikashusha shati na kulia mbele ya mtoto. Akanifuta machozi kwa ile pamba ya spiriti. Macho yakawaka moto, nikapiga kelele, tukaishia kucheka wote wawili.

Daktari wake anasema hizo wiki tatu hazijaharibu kitu. Aendelee na kipimo kile kile, asijaribu kufidia. Tafadhali usimgombeze, wala usidhani jasho lako limemwagika bure. Tangu mwaka jana ameongezeka sentimita saba, na suruali zake zote sasa zinaonyesha soksi.

Limebaki moja, nimelizunguka tangu mwanzo. Siku ile daktari aliniuliza pia kama navuta sigara, maana moshi huchelewesha mfupa kuunga. Nikasema niliacha zamani. Nukta alikuwa amesimama pale pale, na ndiye anayenimwagia majivu kila asubuhi. Hakunisema. Aliona ni rahisi yeye aache kukua kuliko mimi niache sigara.

Nisalimie sana shemeji, na wale mapacha waambie mjomba wao bado anawadai mchezo wa karata. Mama mdogo anakusalimu na anauliza kama huko unakula vizuri. Mungu akutunze uendako na urudiko, akupe usingizi mwema kwa yote unayotufanyia.

Leo ni siku ya kumi na moja sijavuta. Mikono inatetemeka, ndiyo maana mwandiko umekuwa hivi. Usiogope.

Wako akupendaye,
Mdogo wako, fundi rangi