Kitovu Hakipandi Lori

Kwenye kona ya Mto Kagera,
Kaskazini kabisa mwa Karagwe,
Siku ya tatu tangu senene waanze kuanguka.

Mama mpendwa,

Shikamoo, na upokee shikamoo nyingine ya Koleta, maana mikono yake imejaa mtoto na kalamu ameniachia mimi. Sisi ni wazima. Wewe je, mguu wa kushoto unaendeleaje? Paa la jikoni limeezekwa, au kaka Alkadi bado anasema kesho? Kaka, najua ni wewe unayemsomea mama barua hii. Isome yote kama ilivyo, hata pale unapotajwa, wala usiruke mstari ukisingizia mwandiko wangu.

Ujumbe wako ulifika jana, mama. Dereva Hamza aliutoa kwenye mfuko wa shati kabla hata hajazima lori, akanikabidhi bila kutabasamu, nikajua kuna jambo. Mistari minne tu. Unasema mtoto ni wa ukoo wetu, na kitovu chake hakiwezi kuzikwa porini kwenye nyati. Nikifunge vizuri, nimpe Hamza akilete Kamachumu, kizikwe chini ya mgomba katika kibanja, lile shamba la nyumbani la marehemu baba, kilipozikwa changu na cha kila mtoto aliyezaliwa nyumba ile.

Nimekusikia. Kitovu kilidondoka siku ya sita, kimekauka, kimo ndani ya kopo ninalowekea vifungo vya nguo. Hamza naye anasema amewahi kubeba mbuzi, kengele ya kanisa na bibi harusi anayelia, lakini kitovu cha mtu hajabeba, na angependa aambiwe mapema kama anakibeba mfukoni au kwenye kiti. Sasa hivi anaziba pancha. Akimaliza anaondoka. Kwa hiyo nina muda wa pancha moja kukujibu, na jibu lenyewe si la mistari minne.

Kwanza nikueleze habari za mjukuu wako, kwa sababu Hamza safari iliyopita alikuletea habari nusunusu kama kawaida yake. Ni msichana. Pua ni yako, na sauti ni yako vilevile unapoita watu shambani. Alizaliwa asubuhi, umande haujakauka, mikononi mwa mke wa Mzee Kagoro, jirani yetu Mnyambo mfuga ng'ombe. Bibi huyo amezalisha watu na ndama mpaka hahesabu tena. Mimi aliniambia niende nikakate nyasi za kutandaza chini ili nisimsumbue. Nilikata nyasi za kutosha kutandaza nyumba nzima ya askofu. Waliponiita sikusikia kwa jinsi nilivyokuwa nakata.

Unaniuliza kila mara tunaishije huku. Nadhani unatuona tumekaa juu ya mti, simba anatungoja chini. Si hivyo. Tuna nyumba ya msonge niliyoijenga mwenyewe, ya pili kwa hakika, maana ya kwanza iliinama upande mmoja na Koleta akasema hawezi kulala ndani ya kofia. Kijiji kiliandikiwa familia nyingi, unakumbuka siku ile ya mkutano wa Chama tulivyopiga makofi kwa ajili ya kufungua ardhi mpya. Wengi walirudi kabla ya mvua za kwanza kwisha. Leo mimi ndiye balozi wa nyumba kumi, ingawa nyumba zenyewe ni tatu, na katika hizo moja ni ya Mzee Kagoro ambaye alikuwepo kabla ya kijiji. Nikiitisha kikao, Koleta ndiye wananchi.

Cherehani imetuokoa. Ulicheka nilipoipakia kwenye lori, ukasema nitamshonea nani, nyani? Wafugaji wa huku wanavaa nguo kama watu wengine, na fundi wa karibu alikuwa mwendo wa siku nzima. Nawashonea kaptula na magauni, nao wananiletea samadi, na kwa samadi hiyo udongo wa huku umeanza kufanana na wa kwetu. Sikuwahi kufikiri nitafurahia kulipwa kinyesi cha ng'ombe, lakini sasa debe likifika nalitazama vizuri kama kitambaa kipya.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikukuandikia mwaka jana, kwa sababu niliona aibu. Ile miche ya migomba uliyotupa, uliyoifunga mwenyewe kwa majani makavu na kuihesabu mara tatu tukiwa tayari kwenye lori, niliipoteza yote.

Kosa lilikuwa letu sote wawili. Sisi Wahaya tunajua nyumba inakaa ndani ya migomba. Nyumba iliyosimama wazi peke yake tunaiita nyumba ya mvivu. Kwa hiyo tulipanda hadi mlangoni, tukapanda hadi dirishani. Mzee Kagoro alipita na ng'ombe wake, akasimama, akatuambia tuache uwanja mtupu kuizunguka nyumba, mpana, na migomba tuipeleke mbali tuizungushie boma la miiba. Tulimwitikia kwa heshima zote. Alipokwenda Koleta akasema watu wa ng'ombe wanataka kila kitu kiwe zizi, tukacheka. Migomba ikakua, mama. Upepo ukivuma jani linaingia dirishani na kugusa kitanda. Tulikuwa tunakaa mlangoni jioni tukitazama kijani tu mbele yetu, tukajiona tuko Kamachumu.

Asubuhi moja, mikungu ya kwanza ikiwa imeanza kutoka, nilikuwa mlangoni nashona. Nikasikia mtu anakata mgomba upande wa dirisha. Nikadhani ni Koleta anatafuta majani ya kupikia, nikamwambia kwa sauti asiukate ule wenye mkungu mkubwa. Koleta akanijibu kutoka ndani, nyuma yangu. Ndipo nilipoinua macho nikaona sikio. Lilikuwa pana kama ungo wako ule wa kupepetea kahawa.

Koleta alitoka na debe na mwiko akalipiga kwa nguvu zake zote, na wakati huo ujauzito ulikuwa bado, ingekuwa sasa ningemzuia. Mimi nilishika mkasi. Usiniulize nilitaka kumfanyia nini tembo kwa mkasi. Alitutazama, akamaliza kutafuna alichokuwa nacho mdomoni, akaondoka taratibu. Kesho yake akarudi na ndugu zake. Walitoka mgomba hadi mgomba mpaka mlangoni, kwa sababu sisi wenyewe ndio tuliowapangia njia, na ukuta wa nyumba wakaubomoa kwa kujikuna. Wiki ilipokwisha hapakuwa na mgomba hata mmoja uliosimama.

Nililia, mama. Nikafunga cherehani, nikamwambia Koleta lori likija twende nyumbani. Alikuwa amekaa juu ya gogo anajichomoa mwiba kidoleni. Akaniuliza, "Nyumbani wapi?"

Wewe unajua kwa nini aliuliza. Kaka Alkadi hana kosa lolote. Kibanja ni kimoja nasi wana wa kiume tupo watano, na yeye ndiye mrithi. Kipande nilichopata nyuma ya mibuni kilikuwa chembamba kiasi kwamba nikikohoa usiku jirani ananiambia pole. Nilikaa pale miaka minne na mke wangu kama mgeni asiyeaga. Hilo ndilo lililonileta huku, si mkutano wala makofi.

Mzee Kagoro alikuja kutuona. Nilingoja atuambie aliyokuwa na haki ya kutuambia. Yeye alishika jembe akafukua kisiki kimoja kilicholiwa, akanionyesha mzizi mzima, mweupe. Tukavifukua vyote, tukavihamishia ng'ambo ya uwanja, tukavizungushia boma la miiba mirefu, na kila pembe tukaacha samadi kavu inafuka moshi mchana kutwa. Hadi leo tembo wanapita kule mtoni na kutuacha. Kwa hiyo migomba iliyopo ni ileile uliyoifunga kwa mikono yako. Imeliwa mara moja tu.

Na wiki ile aliyozaliwa mtoto tulikata mkungu wa kwanza. Unakumbuka Koleta alivyokuwa anauchukia ugali wa mahindi, akisema anashiba bila kula. Ameula miaka miwili. Siku hiyo mke wa Mzee Kagoro alimpikia matoke na maharage, na mzazi alikula akiwa amefumba macho, machozi yanamtoka, mimi nimekaa pembeni natandika nyasi ambazo zimeshatandikwa. Sikumbuki siku nyingine niliyofurahi kama ile.

Ndipo ulipofika ujumbe wako. Nilimpa Koleta ausome mwenyewe, maana sifichi barua. Aliusoma, akaosha masufuria yote, hata yaliyo safi. Kisha akaniambia maneno ambayo nakuandikia yote, kwa sababu hakuyasema kwa dharau.

"Mwambie mama sikatai," alisema. "Lakini kitovu cha mwanangu kikirudi Kamachumu, hapa ni kambi. Na kama ni kambi, jamani waitu, sikai tena. Nitakipeleka mwenyewe na sitapanda tena lori la kuja huku."

Hafanyi mzaha, mama. Huyu ndiye aliyepiga debe mbele ya tembo. Na mimi nimekuwa kati yenu wawili tangu jana. Nimekuandikia barua ya kwanza ya kukubali, nikaichana kwa sababu nilikuwa namwona Koleta anafunga vyombo. Nikaandika ya pili ya kukataa, nikaichana kwa sababu nilikuona wewe umekaa jikoni umeishika, na hujui umekosa nini. Sitaki kukukosea. Baba alipofariki ni wewe uliyetushika wote. Najua pia unachokiogopa, ingawa hukukiandika: unaogopa kwamba mtoto ambaye kitovu chake hakiko kwenu siku moja atapita barabarani Kamachumu na hakuna atakayemwita ndani. Nimeliwaza hilo usiku na mchana, na mimi pia linaniuma.

Hamza amerudisha gurudumu. Anafunga nati.

Basi jibu langu ni hili. Leo Hamza anarudi mikono mitupu. Kitovu hakipandi lori. Lakini sijakizika, wala sitakizika mimi, na Koleta tumekubaliana hatakizika yeye. Kule kwetu anayeshika kitovu ni bibi wa mtoto upande wa baba, na bibi huyo ni mmoja tu. Safari ijayo ya Hamza njoo nayo, mama. Nimemwomba nafasi ya mbele karibu na dirisha, amesema atamhamisha nyuma mtu yeyote atakayeikalia, hata awe mkubwa gani. Mtalala Nshambya kwa shangazi, mtavuka daraja la Kyaka asubuhi, jioni ya siku ya pili mtakuwa hapa. Usiniambie umri. Ulipokwenda arusini kisiwani Bumbire ulitapika ziwa zima, ukafika, ukacheza ngoma mpaka ukamchosha mpiga ngoma. Lori halina mawimbi. Lina mashimo tu.

Njoo uione nchi yenyewe. Ukiona haifai kuzikiwa kitovu cha mjukuu wako, utakichukua na kurudi nacho mkononi mwako mwenyewe, na mimi nitafunga cherehani na kukufuata na mke wangu, bila neno. Hilo Koleta amelikubali. Ametikisa kichwa kwanza, kisha akasema, "Sawa. Mama akija akaona, nitasikia la mama."

Msalimie kaka Alkadi aliyekusomea mpaka hapa bila kuruka, na shemeji Verdiana, umwambie lile gauni lake limebaki pindo. Msalimie mdogo wangu Fidelisi aliye seminari, aendelee kutuombea lakini pia aandike. Wasalimie shangazi wa Nshambya na katekista wetu, na yule mama jirani aliyekuwa anajibu kikohozi changu. Padri hajafika huku, kwa hiyo ubatizo unangoja. Na jina la ukoo la mtoto linakungoja wewe. Kwa sasa tunamwita Mgeni, na anaitika kwa kulia.

Hamza anapiga honi. Nimefunga ndani ya bahasha hii uzi mwekundu. Ndio urefu wa mjukuu wako kutoka utosini hadi kisigino, nilimpima leo asubuhi akiwa amelala. Upime mapajani mwako uone jinsi anavyokaa.

Shimo sijachimba, mama, na mgomba hatujauchagua. Tunao ishirini na mmoja ndani ya boma. Utapita katikati yake wewe, na pale utakaposimama, hapo ndipo patakuwa kwetu.

Ni mimi mwanao mtiifu, isipokuwa safari hii,

Projesti